Kipande cha Ngome

Leo tuongee historia kidogo, ila naanza na mchezo.

Kwenye hema la watoto tulipata picha kubwa ya mji wa Ibo. Tukaibandika kwenye boksi, tukaikata vipande 48, watoto waiunganishe. Mchezo wenyewe ni wa zamani. Miaka ya 1760 kule London, John Spilsbury alibandika ramani kwenye ubao akazikata nchi moja moja, watoto wajifunze jiografia. Miaka hiyohiyo Wareno waliipa Ibo hadhi ya mji.

Watoto wanaanza na bahari na mashua, halafu nyumba zenye baraza. Mwisho ngome ya São João Baptista, ile ya umbo la nyota, iliyojengwa mwaka 1791. Mmoja akaniuliza, "Kaka, hapa alikaa mfalme?"

Mama mmoja tunayejitolea naye akaninong'oneza, "Kitoe hicho kipande, mwanangu. Hawa wameona mabaya ya kutosha."

Nikafikiria. Ibo ilitajirika kwa pembe za ndovu na kwa watu. Babu zetu kutoka bara walipakiwa pale kwenye meli, wakapelekwa visiwa vya miwa vya Wafaransa, yaani Mauritius na Réunion. Wakati wa vita vya ukombozi ngome ileile ikawa jela ya wafungwa wa siasa. Nikikitoa, linabaki tundu. Basi nikawaeleza, kwa maneno ya kiasi chao.

Nikawaambia na yaliyofuata. Meli zilipokuwa kubwa, maji ya Ibo hayakuzitosha, makao makuu yakahamia Porto Amélia, ndiyo Pemba ya leo. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikabomoa nyumba nyingi. Na mwaka 2020, vita vilipofika Quissanga, watu wakavuka kwa mashua kukimbilia Ibo. Kisiwa kilichopakia watu kwa nguvu, safari hii kikawapokea.

Yule mtoto akaweka kidole ufukweni. "Mimi nililala hapa siku mbili na bibi."

Kumbe na yeye yumo kwenye picha!

Ndugu zangu wa Mocímboa, Palma na Macomia, waulizeni wazee habari za miji yetu, tamu na chungu. Mwenye picha ya zamani ailete. Boksi lipo, mkasi upo.