Rubani kama Shahidi: Tathmini Mpya ya Sifa za Marubani wa Ndege za Roketi

Siku chache kabla ya Oktoba 14, 1947, juu ya jangwa la Muroc huko California, Chuck Yeager alivuta usukani wa ndege ya roketi Bell X-1, lakini pua ya ndege haikuinuka. Alikuwa amefikia takribani asilimia 94 ya kasi ya sauti. Akazima injini, akamwaga mafuta yaliyobaki, akatua, akaeleza kilichompata. Kwa maoni yangu, safari hiyo ina heshima kubwa kuliko ile iliyoifuata, ambayo ndiyo iliyoingia vitabuni kwa kuipita kasi ya sauti.

Bila maelezo yale, hiyo ya pili isingefika popote. Wimbi la mshtuko lilikuwa limeuhamia mkia, na kile kipande chake cha nyuma ambacho rubani hukichezesha ili kuinua au kuinamisha pua kikawa hakina nguvu. Jack Ridley, mhandisi na rubani mwenzake, alipiga hesabu akapendekeza kwamba bawa la mkia liinamishwe lote kwa pamoja, kidogo kidogo, kwa kutumia mota iliyokuwa imefungwa humo tangu ndege ilipoundwa. Ikawa. Mkia unaochezeshwa mzima ukaja kuwa jambo la kawaida katika ndege za kivita zinazoipita sauti.

Shujaa, katika masimulizi yetu, ni yule asiyerudi nyuma. Kazi ya rubani wa majaribio ni kinyume chake: lazima arudi, na arudi na habari. Ndiyo maana napendekeza tumwite shahidi. Kiswahili kimerithi kutoka Kiarabu neno hili lenye maana mbili, mtu aliyeona na akasema, na mtu aliyekufa kwa ajili ya anachokiamini. Sijui neno linalowafaa zaidi watu hawa, kwa sababu maana zote mbili ziliwapata.

Rubani Milburn Apt zilimpata zote mbili kwa siku moja. Mnamo Septemba 27, 1956 alipewa ndege ya roketi X-2, naye hakuwa amewahi kurusha ndege ya aina hiyo hata mara moja. Jeshi la Anga la Marekani lilitaka mara tatu ya kasi ya sauti, naye akaipata: kilomita 3,369 kwa saa hivi, kasi ambayo hakuna binadamu aliyekuwa ameifikia. Kisha akakata kona kuelekea nyumbani kabla kasi haijapungua, ndege ikaanza kujiviringisha pande zote bila kutii. Kapsuli yake ya kuokokea ilichomoka, lakini hakuwahi kutoka ndani yake na parachuti yake. Wanaomtaja humtaja kwa rekodi. Mimi namheshimu kwa kutimiza mpango wa safari aliopewa kwa usahihi mkubwa, na naona aliyestahili kulaumiwa ni yule aliyeamua kuwa namba hiyo itafutwe na mgeni.

Ni kweli, mashahidi hawakuwa marubani peke yao. Ndege nne za familia ya X-1 na X-2 ziliangamia kwa milipuko kati ya 1951 na 1955, na mlipuko wa X-2 mnamo Mei 1953 ulimuua rubani Jean Ziegler pamoja na Frank Wolko, aliyekuwa ndani ya ndege mama iliyoibeba. Chanzo kilipopatikana, kilikuwa gasketi za ngozi zilizotiwa kemikali ambayo, ikikutana na oksijeni ya majimaji, huweza kulipuka kwa mtikiso tu. Gasketi! Hakuna ujasiri wa rubani unaoweza kupambana na kitu kama hicho. Kinachoweza ni subira ya wachunguzi.

Kati ya ndege hizi za roketi, X-15 ndiyo inayonigusa zaidi. Iliruka mara 199 kati ya 1959 na 1968, ikiwa na marubani 12, ikafika kilomita 108 juu na zaidi ya mara sita ya kasi ya sauti. Mmoja tu aliuawa nayo. Novemba 15, 1967, Michael Adams alipanda hadi kilomita 81 hivi. Hitilafu ya umeme ilimsumbua, na inaelekea alisoma vibaya kipimo kilichoweza kuonyesha mambo mawili tofauti kwenye sindano ileile. Pua ikaenda upande pasipo yeye kutambua, hadi ndege ikawa inasafiri kiubavu, kisha ikaanza kuzunguka kwa mara tano ya kasi ya sauti. Alilisema hilo redioni. Waliokuwa chini hawakuwa na chombo cha kuwaonyesha pua imeelekea wapi. Ndege ilivunjika angani.

Filamu ya kamera ya chumba cha rubani ilitafutwa jangwani mpaka ikapatikana. Baada ya uchunguzi ilipendekezwa kwamba marubani wa X-15 wapimwe kama wana udhaifu wa kizunguzungu, na kwamba kipimo cha uelekeo wa pua kiwekwe katika chumba cha waongozaji, mbele ya macho yao. X-15 iliruka mara nane zaidi.