Kisukari si sukari ya kwenye kikombe

"Chai ya sukari niliacha tangu mwaka jana, daktari. Mbona bado imepanda?" Anayeuliza hivi kliniki huwa anasema kweli. Kilichompotosha ni jina.

Kiswahili hupenda kuyavika maradhi ki-: kifafa, kichocho, kisonono. Ndivyo sukari, neno tulilolipata kwa Waarabu, ilivyozaa kisukari. Waganga wa kale wa India nao waliuita ugonjwa huu madhumeha, mkojo wa asali, kwa kuwa sisimizi waliufuata mkojo wa mgonjwa. Wagiriki walitazama wingi wa mkojo wakasema diabetes, kupitiliza. Wote walitaja kinachotoka. Kilichoharibika ndani hakikutajwa.

Ndani kuna kongosho, na kongosho hutoa insulini. Ugali, wali, chapati na muhogo vikishasagwa tumboni huwa glukosi, nayo huingia kwenye damu. Insulini ndiyo inayoiwezesha kuingia kwenye seli. Katika kisukari cha aina ya 1 insulini haitoki, au hutoka kidogo mno. Katika aina ya 2 ipo, lakini mwili hauiitikii sawasawa, na mwishowe kongosho huchoka. Basi glukosi hujaa damuni huku seli zina njaa. Ndiyo maana mtu anakula vizuri na bado anakonda, anakunywa maji na kiu haiishi.

Glukosi ikikaa hivyo miaka, mishipa midogo huharibika: ya macho, ya figo. Neva za miguu hufa ganzi. Mtu hukanyaga msumari asubuhi asijue, hadi jioni anapovua kiatu na kukuta soksi imegandiwa na damu.

Usemi wa mtaani, "ana sukari", una hatari nyingine. Mgonjwa anayetumia dawa akiambiwa sukari imeshuka, wapo nyumbani wanaoshukuru, wakidhani ugonjwa unapungua. Kumbe ikishuka mno, jasho na kutetemeka kwake ni dalili za hatari, na dakika hiyo anahitaji kitu cha sukari upesi, kama bado anaweza kumeza.

Sioni haja ya kulifuta neno kisukari, limeshaota mizizi. Ila tutenganishe: kisukari ni ugonjwa, glukosi ndiyo inayopimwa kwenye damu, sukari ni ile ya dukani. Nawe ukienda kliniki, usiishie kuuliza "yangu ngapi leo?" Omba wakuangalie macho, wapime figo, na uvue viatu waione miguu.