Mama mbadala

Mama mbadala ni mwanamke anayebeba mimba kwa makubaliano kwamba mtoto atakuwa wa watu wengine. Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji, kutoka Ibo hadi Mocímboa da Praia na Palma, suala hili hupimwa kwa mizani ya dini na ukoo.

Dini. Wamwani, wenyeji wa pwani hiyo, wengi wao ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii. Mwaka 1984 Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Makka liliruhusu mke ambebee mke mwenzake mimba, kisha mwaka 1985 likafuta ruhusa hiyo kwa kuchelea kuchanganya nasaba. Wapingaji hutaja pia aya ya 2 ya sura Al-Mujadila, inayomtambua mama kwa kuzaa. Kunyonyesha mtoto wa mwingine, kwa upande mwingine, kunakubalika: mtoto aliyenyonya mara tano kabla ya kutimiza miaka miwili huwa ndugu wa wana wa mnyonyeshaji. Hawezi kuwaoa, wala hamrithi mama huyo.

Ukoo. Kwa Wamakua na Wamakonde, makabila mengine ya Cabo Delgado, ukoo hufuata upande wa mama na mjomba ana sauti kubwa. Hivyo tumbo lililozaa lina uzito wa pekee.

Malezi. Kulea mtoto wa mwingine ni tofauti na kumbebea mimba. Tangu shambulio la waasi huko Mocímboa da Praia la Oktoba 5, 2017, wakimbizi wengi wa ndani, watoto wakiwamo, wamepokewa na jamaa zao, hasa Pemba. Mwanamke anayemlea mtoto huyo huitwa mama, lakini nasaba ya mtoto haibadiliki.