Logi zilivyofika Nyanza Kusini, na kwa nini hazijaondoka

Mwaka 1928 kilichapishwa Uingereza kijitabu cha mazoezi kuhusu mifululizo isiyo na mwisho, somo ambalo hata mwanafunzi wa chuo kikuu hulikaribia kwa woga. Waandishi walikuwa wawili: J. E. Littlewood, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne iliyopita, na E. C. Francis, mhadhiri wa Chuo cha Peterhouse, Cambridge. Littlewood alibaki Cambridge akazidi kuvuma. Francis alifunga virago mwaka huohuo, akapanda meli, akaja kuwa mwalimu mkuu wa shule ya misheni ya Kianglikana ya CMS pale Maseno.

Edward Carey Francis alikaa Maseno hadi 1940, kisha akahamia Shule ya Alliance, Kikuyu, alikoongoza hadi 1962. Waliosoma chini yake humkumbuka kwa ukali na kwa mapenzi yake ya kandanda. Mimi namtaja kwa sababu nyingine. Kupitia kwake na wenzake wachache, hisabati ya Cambridge iliingia Nyanza ikiwa nzima: mitihani yake, majedwali yake ya logarithimu, hata karatasi zake za miraba.

Upande wa kusini wa ghuba ya Ziwa Victoria, ambako leo ni kaunti za Homa Bay na Migori, shule zilikuwapo kabla yake. Waadventista walifungua misheni ya Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, baadaye wakajenga Kamagambo. Wakatoliki wakajenga Asumbi. Lakini zilikuwa shule za kusoma, kuandika na kujumlisha. Kijana aliyetaka kufika kwenye logi na grafu ilibidi avuke maji.

Logi zenyewe zilikuwa na umri wa miaka zaidi ya mia tatu. Aliyezitangaza ni John Napier, bwanyenye wa Scotland, katika kitabu cha mwaka 1614. Tatizo lake lilikuwa la wanafalaki na mabaharia, waliopoteza miezi wakizidisha namba ndefu kwa mkono. Napier alitunga jedwali ambalo kila namba ina mwenzake, na kujumlisha wenza hao hukupeleka kwenye jibu la kuzidisha. Mwaka uliofuata Henry Briggs, profesa wa London, alisafiri hadi Edinburgh kumwona, wakakubaliana kwamba kizio cha 10 kingerahisisha mambo. Jedwali la Briggs la mwaka 1624 ndilo babu wa kijitabu ambacho mtahiniwa wa Shule ya Rapogi au ya Agoro Sare anaingia nacho kwenye chumba cha mtihani.

Tuzidishe 37.4 kwa 5.83. Logi ya 37.4 ni 1.5729, ya 5.83 ni 0.7657. Jumla ni 2.3386. Unaacha ile 2 pembeni, unatafuta 0.3386 kwenye jedwali la antilogi, linalorudisha logi kuwa namba, unapata 2181, unaweka nukta mahali pake: 218.1. Jibu kamili ni 218.042. Kosa hilo dogo ndilo bei ya kutumia tarakimu nne, na kwa fundi wa daraja au mpimaji wa ardhi wa zamani ilikuwa bei nafuu sana.

Balaa huanza namba inapokuwa chini ya moja. Logi ya 0.0374 huandikwa 2.5729 yenye kistari juu ya ile 2, kuonyesha kwamba 2 ni hasi na desimali ni chanya. Sasa mwambie mwanafunzi atafute kipeuo cha tatu. Anatakiwa kugawanya kwa 3, na hasi 2 haigawanyiki kwa 3. Anayejua anaigeuza kuwa hasi 3 na kuongeza 1 upande wa desimali, yaani 1.5729, kisha anagawanya: hasi 1 na 0.5243, jibu 0.3344. Asiyejua anagawanya 2.5729 yote kana kwamba ni namba ya kawaida, na alama zinaenda zake. Nadhani hakuna kistari kilichowaangusha Wakenya wengi kuliko hicho, na watahini wanakijua vizuri. Ndiyo maana mara kwa mara utakuta kipeuo chenye namba iliyo chini ya moja ndani yake.

Grafu zilifika shuleni kwa njia tofauti. Hadi mwisho wa karne ya 19, shule nyingi za Uingereza zilishikilia jiometria ya Euclid kwa kukariri. Mwaka 1901, katika mkutano uliofanyika Glasgow, mhandisi John Perry aliwashambulia waziwazi walimu wa aina hiyo. Alitaka mwanafunzi ashike karatasi ya miraba, apange nukta, achore. Watunzi wa vitabu wakamsikia. C. Godfrey na A. W. Siddons, waliokuwa mstari wa mbele katika mageuzi hayo, walitoa pia kijitabu cha majedwali ya tarakimu nne. Kwa hiyo kufikia wakati wa Francis, logi na grafu zilikuwa zimeshafungwa katika mzigo mmoja: mtihani wa Cambridge uliofanywa makoloni.

Waliopita humo hawakubaki walimu wa hisabati wote. Bethwell Ogot wa Gem, aliyefariki Januari 2025, alisoma Maseno, akasomea hisabati Makerere na kuifundisha Alliance chini ya Francis, kabla ya kuhamia historia katika Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland. Ni chuo hichohicho Napier alichoingia mwaka 1563 akiwa mtoto wa miaka 13. Kitabu cha Ogot cha 1967 kuhusu historia ya Wajaluo wa kusini kimejaa hesabu kuliko wasomaji wengi wanavyotambua: vizazi vinahesabiwa, vinalinganishwa kati ya ukoo na ukoo, kisha vinageuzwa miaka. Barack Obama, baba wa aliyekuwa rais wa Marekani, aliyezaliwa upande wa Kendu Bay, aliondoka Maseno bila kumaliza. Alifanya mitihani kwa masomo ya posta, akafika Hawaii mwaka 1959, na Harvard akasomea ekonometria, taaluma ambayo bila logi na mstari ulionyooka haiwezi kupiga hatua hata moja.

Mwaka 1962 upepo ulivuma kutoka upande mwingine. Huko Entebbe, Uganda, walikusanyika walimu wa Afrika, Uingereza na Marekani wakiongozwa na W. T. Martin wa taasisi ya MIT, kuandika vitabu vya hisabati ya kisasa. Warusi walikuwa wamerusha Sputnik mwaka 1957, na Marekani ilikuwa inabadilisha mitaala yake kwa haraka. Afrika ikapewa sehemu ya haraka hiyo. Waingereza nao walileta mradi wao, uliozaa vitabu vya School Mathematics of East Africa. Seti, matriki, kuakisi maumbo, kuyazungusha na kuyakuza vikaingia darasani. Wazazi waliojivunia kujua kuzidisha walitazama madaftari ya watoto wao wasione hesabu yoyote wanayoitambua.

Mwaka 1981 Rais Daniel arap Moi aliagiza hisabati hiyo iachwe. Agizo lilitekelezwa kwa jina zaidi kuliko kwa yaliyomo. Fungua vitabu vya sekondari vilivyofuata: matriki zipo, kuakisi kupo, kuzungusha kupo, na pembeni yake logi za mtindo wa kale. Mtaala wa Kenya wa hisabati ni ndoa ya watu wawili waliogombana hadharani wakaendelea kulala nyumba moja.

Wakati huo mitihani nayo ilikuwa ikibadilisha wenyewe. Cambridge iliachia Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, lililoundwa 1967. Tanzania ilijitoa 1971, na Kenya ikaunda baraza lake, KNEC, mwaka 1980. Mfumo wa 8-4-4 ulianza 1985, na KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ikafanywa kwa mara ya kwanza 1989. Karatasi ikawa na sehemu mbili, ya pili ikiwa na maswali manane ambayo mtahiniwa huchagua matano, na hapo ndipo grafu ya kipeo cha pili ilipojijengea makao. Anapewa jedwali lenye mapengo la y = x² − 2x − 3, ajaze, achore tao lake, kisha atatue x² − 3x − 1 = 0 kwa kutumia grafu hiyohiyo. Siri ni kutoa mlinganyo mmoja kutoka kwa mwingine; kinachobaki ni mstari y = x − 2. Unauchora juu ya tao, unasoma mahali vinapokutana: 3.3 na −0.3. Ni swali zuri. Linamlazimisha kijana aone kwamba milinganyo miwili ni picha mbili zinazopishana.

Migori na Homa Bay zimeshika mazoezi ya namna hiyo kwa bidii ambayo wengine huiita ushindani na wengine ugonjwa. Shule huungana kutunga mtihani wa mwigo, na karatasi zenye majina ya kaunti ndogo za huku husambaa nchini kwa nakala za kivuli, zikifanywa na watoto ambao hawajawahi kuliona ziwa. Mwaka 2008, baada ya wimbi la migomo shuleni, serikali ilipiga marufuku mitihani ya mwigo. Ikarudi ikijiita tathmini ya pamoja. Kulikuwa pia na juhudi ya upole zaidi: mradi wa SMASSE wa kuwanoa walimu wa hisabati na sayansi, uliofadhiliwa na Japani, ulianza 1998 katika wilaya tisa, Kisii na Gucha jirani zikiwamo, kabla ya kuenea nchi nzima. Ulitaka mwanafunzi afanye kwa mikono yake badala ya kunakili ubaoni. Takriban kile Perry alichokitaka Glasgow.

Tatizo la logi leo ni kikokotoo. KNEC inaruhusu mtahiniwa awe nacho mezani, kisha katika swali fulani inamwamuru atumie logi kupata jibu ambalo kidole kingelitoa kwa sekunde tano. Kuna hoja ya usawa: kijitabu cha majedwali ni cha bei ndogo, hakihitaji betri, na mtoto wa Muhuru Bay anakuwa nacho sawa na wa Nairobi. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zamani. Siku hizi ninaiona kuwa udhuru. Kazi ya kwanza ya logi, ile ya Napier ya kuzidisha, imekufa, na kuendelea kuipa alama ni mazoea ya watahini.

Kazi ya pili iko hai, nayo imo katika silabasi ileile, imejificha mwishoni mwa kidato cha tatu chini ya mbinu za grafu. Ukiwa na vipimo vinavyofuata kanuni ya aina ya y = axⁿ, grafu yake hupinda na huwezi kusoma chochote. Chukua logi pande zote mbili: logi ya y ni sawa na logi ya a kuongeza n mara logi ya x. Huo ni mlinganyo wa mstari ulionyooka. Mteremko wake ni n, na mahali unapokata mhimili wa wima pana logi ya a. Logi imeunyoosha mstari uliopinda, na kinachofuata kinawezekana kwa rula. Walimu wengi hulifikia somo hili muhula wa mwisho wakiwa mbioni. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya, unaochukua nafasi ya 8-4-4, waliingia Gredi ya 10, ambako kuna hisabati nzito kwa wanaoelekea sayansi na nyepesi zaidi kwa wengine. KCSE ya mwisho itafanywa 2027. Logi zimebaki kwenye mtaala huo. Swali ni kazi ipi kati ya mbili itakayofundishwa kwanza.

Homa Bay ina jibu lake lenyewe. Hospitali yake ilikuwa miongoni mwa za kwanza za umma nchini kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi bila malipo, mwaka 2001, kwa msaada wa Madaktari Wasio na Mipaka. Uchunguzi wa mwaka 2012 huko Ndhiwa uligundua kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa anaishi na virusi. Maisha ya watu hao yanafuatwa kwa kipimo cha wingi wa virusi katika damu, na kipimo hicho ni cha logi. Virusi 100,000 kwa mililita ni logi 5. Virusi 1,000 ni logi 3. Daktari anaposema kiwango kimeshuka logi mbili, anasema kimegawanyika kwa mia.

Mashine ya maabara hurudufu chembe za urithi za virusi, maradufu kila mzunguko, hadi zionekane. Sampuli yenye virusi vingi huonekana mapema. Iliyopunguzwa mara kumi huchelewa mizunguko 3.32, kwa kuwa 2 ikipandishwa kwa kipeo 3.32 hutoa 10. Namba hiyo ni 1 kugawanya kwa 0.3010, ile logi ya 2 iliyo kwenye majedwali. Fundi huchora mizunguko dhidi ya logi ya idadi ya virusi, na nukta zinapaswa kulala kwenye mstari wenye mteremko wa karibu −3.32. Kawaida hukubali kati ya −3.1 na −3.6. Nje ya hapo anashuku mashine au kemikali zake.

Mtunzi wa mwigo wa Ndhiwa au Rongo angeweza kutunga swali hapo kwa dakika kumi. Tuseme sampuli za virusi 100, 1,000, 10,000 na 100,000 zimeonekana mzunguko wa 34.1, 30.8, 27.4 na 24.1. Chora grafu, tafuta mteremko, kisha kadiria virusi vya mgonjwa ambaye sampuli yake imeonekana mzunguko wa 29. Mteremko ni kama −3.33, logi ya jibu ni kama 3.53, na virusi ni kama 3,400. Alama mbili za mwisho zingetolewa kwa atakayeeleza kwamba mgonjwa huyo amezidi 1,000, mpaka ambao Shirika la Afya Duniani limeutumia kwa miaka mingi kuashiria kwamba huenda dawa zimeanza kushindwa.