Nota Zilikuja Nyuma

Wandugu, hapa Salamabila mtu mmoja alituambia sisi wa korali: hamujui muziki, hamusomi nota. Iliniuma. Kweli, chuo kikuu mwanafunzi wa harmoni anasikiliza sauti nne, kisha anaziandika zote. Sisi hatuwezi.

Lakini angalia Kamina. Mwaka 1958 padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, na waimbaji wake walitoa Missa Luba. Sauti zilipangwa kwa masikio, kwenye mazoezi. Nota ziliandikwa nyuma, na leo korali za Ulaya zinasoma hizo nota!

Mimi wa agronomia sishangae: mkulima anajua udongo kwa mkono, jina la kitabu linafuata. Sasa najifunza solfeji. Niko naandika besi ambayo baba mdogo anaimba kila Jumapili. Bado nakosea, yeye hapana.