Chura wa Kihansi: Historia Fupi ya Jirani Yetu Mdogo



Katika kitabu chetu cha harambee safari hii tunakumbushana habari ya chura wetu. Kwenye Milima ya Udzungwa, Mto Kihansi unateremka mamia ya mita korongoni. Manyunyu ya maporomoko yalilowesha majani ya kandokando usiku na mchana. Hapo, katika hekta 2 hivi, aliishi chura wa rangi ya njano, asiyefikia sentimita 3, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Kwa asili hapatikani mahali pengine popote duniani.

Wataalamu walimgundua mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme ukiwa tayari unaendelea. Mitambo ile ya megawati 180 ilihitajika sana nchini. Lakini kufikia mwaka 2000, karibu asilimia 90 ya maji ya mto ilikuwa imeelekezwa kwenye mitambo, na manyunyu yakakatika. Mwaka huohuo vyura 499 walisafirishwa hadi Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Wengi walicheka: chura kupanda ndege!

Korongoni yakawekwa mabomba ya kunyunyizia maji, na vyura wakaongezeka. Mwaka 2003 wakaanza kufa ghafla. Ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi ya vyura ulikutwa kwao. Januari 2004 walionekana 3 tu. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba wametoweka porini.

Waliobaki ni wale waliochekwa. Wazao wao walirudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni. Hata leo manyunyu yao yanategemea mabomba.

Ndugu zangu, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuyaondoa maji kulichukua muda mfupi. Kuyarudisha kumechukua miaka, fedha na wataalamu wa nchi mbili. Chura alipata pa kuhifadhiwa ng'ambo. Chemchemi zetu zikikauka, hakuna atakayetutunzia nyingine New York.

Ndiyo maana harambee ya mwaka huu ni ya miche ya asili na ulinzi wa vyanzo vya maji.  Karibuni tuchangie.