Uvuvi wa Bonde la Kilombero na Athari Zake kwa Samaki na Makao Yao

Bonde la Kilombero limekaa kati ya milima ya Udzungwa, iliyo upande wa kaskazini-magharibi, na nyanda za juu za Mahenge, zilizo upande wa kusini-mashariki. Mito ya Ruhuji, Mnyera, Mpanga na Kihansi, pamoja na Lumemo upitao karibu na mji wa Ifakara, huteremka kutoka milimani na kuungana na mto mkuu mmoja, ambao katika ramani za zamani uliandikwa Ulanga na leo waitwa Kilombero. Mto huo ukisha kukutana na Luwegu huitwa Rufiji, na zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji ni maji yatokayo Kilombero. Masika yakikolea, mnamo Machi na Aprili, mto huvuka kingo zake, na mbuga iliyokuwa kavu mwezi wa Oktoba huwa kama ziwa. Mwaka 2002 eneo la kilometa za mraba 7,967 za bonde hili liliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa.

Historia ya uvuvi wa bonde hili aghalabu husimuliwa kama habari za nyavu: zamani vyombo vilikuwa haba na samaki wakawa tele, kisha vikaja vyombo vikali na samaki wakapungua. Maelezo hayo yana ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Samaki wa Kilombero wategemea mambo mawili, yaani wazazi wa kutosha waliosalia mtoni na ardhi ya kutosha ifurikayo. Wavu huharibu jambo la kwanza. La pili laweza kuharibika hata pale asipokuwapo mvuvi hata mmoja. Kanuni za uvuvi tangu enzi ya ukoloni zimelishughulikia zaidi lile la kwanza, na mzigo wake umemwangukia mvuvi.

Yafaa kwanza kueleza jinsi mafuriko yanavyolea samaki. Wakati wa kiangazi samaki hubanana katika mkondo wa mto na katika mabwawa yaliyobaki mbugani. Maji yapandapo, wengi wao huacha mkondo na kuingia katika nyasi zilizofunikwa na maji, na humo hutaga mayai. Nyasi zinazooza, samadi ya wanyama waliolisha humo wakati wa kiangazi, na wadudu wa majini huwa chakula cha vifaranga, na mashina ya nyasi huwa maficho yao. Maji yashukapo, samaki wakubwa na wadogo hurudi mtoni kwa kufuata vijito. Kambale, ambaye aweza kupumua hewa, husalia katika matope ya mabwawa hata wengine wanapokufa. Wataalamu waliochunguza mito ya namna hii katika Afrika na kwingineko wamekubaliana kwamba mapato ya uvuvi hufuata ukubwa wa eneo lililofurika: mafuriko yakiwa makubwa na ya muda mrefu, uvuvi wa miaka ifuatayo huwa mwema, yakiwa haba, huwa dhaifu. Basi mbuga ya Kilombero ni kwa samaki wake kama miamba ya matumbawe ilivyo kwa samaki wa pwani ya Mafia na Kilwa. Tofauti ni kwamba matumbawe hukaa chini ya maji mwaka mzima, ilhali mbuga hukaa chini ya maji kwa miezi michache tu, na katika miezi mingine huwa na wenyewe wengine.

Wenyeji wanaojulikana zaidi kwa uvuvi wa bonde hili ni Wandamba, waliokaa juu ya vilima vidogo na kingo za mto, wakisafiri kwa mitumbwi. Jirani zao ni Wabena wa bondeni, ambao A. T. Culwick na G. M. Culwick waliwaandikia kitabu mwaka 1935, chenye sura iliyotungwa na Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe. Tena Wapogoro wa upande wa Mahenge, na Wambunga waliofika katika karne ya 19 na kukaa katika nchi ya Ifakara. Samaki waliokaushwa kwa moshi walikuwa bidhaa iliyoweza kubebwa hadi vilimani na kubadilishwa kwa vyakula na vitu vya huko.

Maneno ya uvuvi yanayotumika bondeni yanaonyesha tabaka za historia yake. Kitenzi "kutega" ni cha kale sana katika lugha za Kibantu, na ndicho kinachofaa zaidi kwa uvuvi wa asili wa nchi ya mafuriko. Mvuvi alijenga uzio wa fito na matete kukata kijito, akaacha mianya, na katika kila mwanya akaweka mgono, yaani mtego wa kusukwa wenye mdomo mpana na koo jembamba. Kazi yake kubwa ilikuwa kujua mahali na siku. Maji yaliyoshuka ndiyo yaliyomletea samaki. Kinyume chake ni "kukokota", ambako mvuvi humwendea samaki alipo na kumzoa pamoja na kila kilicho njiani. Chombo cha kukokota kwenye maji ya bara huitwa kokoro, kama vile pwani kinavyoitwa juya. "Nailoni" ni neno geni kabisa, lililokuja pamoja na kitu chenyewe. Mtu akiyapanga maneno haya kwa umri wake, amekwisha kupata muhtasari wa mabadiliko ya uvuvi: kutoka kungojea maji hadi kumfuata samaki.

Hata hivyo, haifai kudhani kwamba uvuvi wa kale haukuwa na madhara. Uzio uliofungwa barabara katika kijito chembamba waweza kuzuia vifaranga vyote vinavyorudi mtoni. Utupa, mmea ambao majani yake hupondwa na kutiwa majini, hulevya na kuua samaki wote wa bwawa bila kuchagua. Kilichowahifadhi samaki hakikuwa busara ya wazee peke yake. Watu walikuwa wachache, na nyuzi za mimea zilioza upesi na kudai kazi nyingi kuzisokota upya. Soko halikuwa karibu. Na wakati wa mafuriko maji yalitapakaa mno hata mitego isiweze kufika kila mahali. Mipaka ya uvuvi ilikuwa imewekwa na mazingira ya maisha, na mipaka ya namna hiyo huondoka bila mtu yeyote kuamua iondoke.

Mawazo ya kuweka mipaka mipya kwa sheria yalipata mfano wake mkubwa katika Ziwa Victoria, na mfano huo wafaa kutajwa kwa sababu umeathiri fikira za serikali kuhusu maji yote ya bara. Nyavu za kisasa za kutega ziliingizwa katika Ghuba ya Kavirondo mwaka 1905. Miaka michache baadaye wavuvi wakaanza kuona kwamba ngege, samaki aliyependwa kuliko wote, anapungua. Mtaalamu Michael Graham alilichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, akashauri kwamba matundu ya wavu yasipungue inchi 5, ili ngege apate kuzaa kabla ya kunaswa. Lakini mvuvi mmoja akitumia matundu madogo hupata zaidi kuliko jirani yake aliyeshika sheria, na jirani huyo hulazimika kumfuata. Katika miaka ya 1950 nyavu za nailoni, zisizooza na zinazonasa zaidi, zilienea ziwani, na katika miaka hiyohiyo kikomo cha inchi 5 kikaanza kuondolewa. Ngege hakurudia tena wingi wake wa zamani. Tangu hapo wavu na matundu yake vimekuwa kipimo cha kwanza katika sheria za uvuvi wa maji baridi.

Kilombero mipaka ya zamani iliondoka hasa kwa sababu ya mambo mawili ya miaka ya 1970. La kwanza ni Reli ya TAZARA. Ujenzi wake ulianza mwaka 1970, na mwaka uliofuata reli ikafika Mlimba. Mwaka 1976 njia nzima, hadi Kapiri Mposhi katika Zambia, ilikabidhiwa kwa serikali mbili. Kikapu cha samaki wa moshi kilichohitaji siku nyingi za mabega na mitumbwi sasa kiliweza kupakiwa katika behewa. La pili ni kuhamishiwa watu katika vijiji vya ujamaa. Wakazi wengi waliokuwa wametawanyika karibu na maji walipelekwa katika vijiji vilivyopangwa kando ya reli na barabara. Mvuvi hakuacha kuvua, bali alianza kwenda dago, yaani kupiga kambi ya msimu mbali na nyumbani. Mtu akaaye kando ya bwawa moja maisha yake yote hulijua na hulionea uchungu. Mtu ajaye kwa miezi michache, akishindana na wageni waliokuja kwa nia hiyohiyo, hana sababu ya kubakiza kitu. Wavu wa nailoni ulipofika ulikuta mazingira hayo yamekwisha kuandaliwa.

Athari ya uvuvi wa namna hiyo katika mito ya mafuriko haionekani mara moja. Huanza kutoweka samaki wakubwa wanaochelewa kukomaa. Mvuvi hupunguza matundu ya wavu na kuwafuata wa kimo cha kati, kisha wadogo. Uzito wa jumla waweza kubaki uleule kwa miaka mingi, hata anayehesabu kwa kilo adhani kwamba hakuna kilichoharibika. Hatua ya mwisho ya njia hiyo ni kuvua kwa chandarua, ambacho matundu yake hayaachi hata kifaranga. Matumizi hayo yameonekana katika maji mengi ya Afrika Mashariki, na kwa Kilombero yana uzito wa pekee. Ifakara ni mji wa utafiti wa malaria. Rudolf Geigy wa Uswisi alianzisha maabara huko mwaka 1957, na kuanzia mwaka 1997 wilaya za Kilombero na Ulanga zilikuwa uwanja wa mpango mkubwa wa kueneza vyandarua vyenye dawa. Mafunzo yake yalisaidia nchi nzima, na kitu kilichookoa watoto hakiwezi kulaumiwa kwa kazi ambayo hakikutengenezewa. Lakini dawa ya jamii ya piretroidi ni sumu kwa samaki, na chandarua kinachokokotwa katika maji ya kina kifupi huzoa wale ambao wangekuwa mavuno ya mwaka ujao.

Hadi hapa lawama ya wavu ina haki yake. Lakini makao ya samaki yana historia nyingine. Mbele ya delta ya Rufiji, ambako maji ya Kilombero huishia, sakafu ya bahari ilikokotwa kwa miaka mingi na meli za kuvua kamba, mpaka serikali iliposimamisha uvuvi huo mwaka 2008. Pale chombo cha uvuvi chenyewe ndicho kilichokwangua makao. Kilombero sivyo. Mgono hauharibu mbuga, wala wavu haubadili udongo wake. Mbuga imebadilishwa na mashamba ya mpunga yaliyopanuka, na mifugo mingi iliyoingia na wafugaji kutoka sehemu nyingine za nchi, hasa tangu miaka ya 1980. Imebadilishwa pia na moto wa kiangazi na maji yanayochepushwa milimani kabla hayajafika bondeni. Na chini zaidi, katika Rufiji, bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na ukuta wake sasa umesimama kati ya samaki wa juu na samaki wa chini.

Sheria ziliendelea kufuata njia mbili zisizokutana. Kwa upande wa uvuvi, Sheria ya mwaka 1970, kisha Sheria ya mwaka 2003 na Kanuni za mwaka 2009, zilikataza sumu, baruti, makokoro na nyavu haribifu. Kwa upande wa ardhi, sehemu kubwa ya bonde ilifanywa Pori Tengefu mwaka 1952 kwa ajili ya wanyama wa kuwindwa. Mwaka 2012 ikaja operesheni ya kuwaondoa wafugaji na mifugo. Na mwaka 2023 sehemu yake ikapandishwa kuwa Pori la Akiba, ambamo mtu haingii wala havui bila ruhusa. Hifadhi hiyo yaweza kuirudishia mbuga nyasi zake, na hilo ni jema kwa samaki. Lakini inaweza pia kumtenga mvuvi aliyeyajua maji hayo kabla ya sheria zote zilizotajwa, akawekwa katika fungu moja na mharibifu. Mvuvi wa dago asiye na haki ya kudumu juu ya bwawa lolote hawezi kutazamiwa kulilinda.

Hapa ndipo kazi ya mtaalamu wa lugha inapogusana na suala hili. Takwimu za uvuvi wa Kilombero hazirudi nyuma miaka mingi, lakini maneno hurudi. Kindamba, kilichopewa alama ya G.52 katika mpangilio wa lugha za Kibantu, kimekwisha kupata muhtasari wa sarufi yake, uliotolewa na Peter Edelsten na Chiku Lijongwa mwaka 2010. Hata hivyo Kiswahili chazidi kuchukua nafasi yake katika soko, shule na hata dago. Majina ya samaki kwa umri na kimo chao, ya vijito na mabwawa, ya nyakati za kupanda na kushuka kwa maji, yamo vinywani mwa wazee. Jina la samaki lisilokuwa tena na mwenyewe ni ushahidi kwamba samaki huyo alivuliwa. Jina la bwawa ambalo leo ni shamba la mpunga laonyesha maji yalifika wapi. Yakikusanywa kwa uangalifu na kuwekwa juu ya ramani, maneno hayo yatasaidia kupima ni mbuga kiasi gani imepotea, jambo ambalo matundu ya wavu hayawezi kulipima. Kazi hiyo yapaswa kufanywa pamoja na wavuvi wenyewe, kabla mipaka mipya haijawaweka mbali na maji waliyoyapa majina.